Ukurasa wa Nyabikeri

Kwa miaka sita mfululizo, watoto wa darasa la tano pale Nyabikeri waliujua mji mmoja mdogo wa Bengali, kule India, kuliko walivyoujua mji wao wenyewe. Walijua kwamba mji ule uko kando ya mto mpana wenye maji ya rangi ya tope. Walijua una kituo cha treni, kwamba watu wake hulima mpunga na kufuga samaki kwenye madimbwi nyuma ya nyumba zao, na kwamba siku ya soko huuzwa vitu vitamu vilivyopikwa kwa maziwa na sukari. Ukiwauliza idadi ya wakaazi, walijibu kwa sauti moja, bila kupepesa jicho: elfu kumi na mbili na mia nne.

Aliyewafundisha hayo ni Madamu Vestine Muhawenimana, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mfupi, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mvua juu ya mabati. Hakuwa ameipenda Bengali kuliko nchi nyingine. Ni kwamba shule ilipoporwa wakati wa vita, madawati yaligeuzwa kuni na vitabu vikaenda kufungia karanga sokoni. Kitabu kimoja tu cha jiografia kilipona, kwa sababu Vestine alikuwa amekibeba nyumbani siku ile ili aandae somo, na walipokimbilia Sake, kisha Goma, kilikuwa ndani ya sufuria, chini ya maharagi. Waliporudi kilikuwa hakina jalada na nusu ya kurasa zilikuwa zimeoza. Ukurasa wa ule mji wa Bengali ulibaki mzima, isipokuwa pembe ya juu iliyokuwa imebeba jina lake. Mpango wa masomo ulidai wanafunzi wajifunze maisha ya mji mdogo: mahali ulipo, maji yake, kazi zake, soko lake, watu wake, na asili yake. Basi Vestine akafundisha mji aliokuwa nao.

Ikawa Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, siku ya soko. Vestine alisimama kwa Mama Nyirabagenzi, mjane anayeuza mashanza, yale maziwa ya kuganda ambayo watu wa Goma huyaagizia hata kwa pikipiki. Mjukuu wake, Nishimwe, alikuwa amechutama kando akiosha vidumu, huku akikariri somo kwa sauti kwa kuwa mtihani ulikuwa kesho yake. Alitaja mto, akataja mpunga, akafika kwenye samaki. Mama Nyirabagenzi akamsikiliza mpaka mwisho, ndipo akamgeukia mwalimu.

"Ule mji, Madamu, umeshafikaka kule?"

"Hapana, Mama. Iko mbali sana."

"Na watu ya kule, wanajua sisi tuko hapa?"

Vestine akacheka kidogo, akasema hadhani. Yule mama hakucheka. Akamuuliza inakuwaje mtoto wake ajue samaki wa watu wasiomjua, na asijue nani alipanda ile mikaratusi ya sokoni inayomkinga na jua kila Alhamisi. Vestine akajitetea kwamba ndivyo kitabu kilivyoandika, na kitabu chenyewe ni kimoja.

"Kitabu iliandikwa na muntu," akasema Mama Nyirabagenzi, akampimia maziwa yake.

Neno hilo lilimganda Vestine njia nzima. Alipofika nyumbani alimkuta mumewe, Valens, akinoa jembe kwenye jiwe la mlangoni. Akamwambia papo hapo, kabla hajaweka kidumu chini, kwamba ataandika ukurasa wa Nyabikeri, wenye vichwa vilevile sita kama ule wa Bengali, na ukishakamilika watoto watausoma huo. Valens ni mtu wa maneno machache. Aliendelea kunoa, halafu akamwambia aandike soko, aandike ng'ombe na maharagi, aandike hata mashimo ya barabara akitaka.

"Lakini ile ya asili, mama ya watoto, uiache. Hapa kwetu kalamu imeshachomaka nyumba."

Alimwelewa vizuri. Katika vilima vile, swali la nani alifika kwanza limewahi kuanzishwa na karatasi ndogo tu, likaishia kwa watu kulala porini. Lakini ukurasa una vichwa sita, na Vestine hakuwa mtu wa kufundisha vitano akasema ni sita.

Alianza Jumatatu iliyofuata. Kila siku, watoto wakishatawanyika saa sita na nusu, alifunga kaye, lile daftari lake, ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, akavaa buti za Valens, akashika njia. Nyabikeri ni mji wa barabarani. Ukishapita Mushaki, kabla hujafika Kingi, utauona umening'inia pande zote mbili za mlima, malori yakiwa yamesimama katikati breki zipoe. Vestine alizaliwa pale, akadhani anaujua. Wiki ya kwanza tu ilimwonyesha kwamba alikuwa anaujua kama mtu anavyojua mgongo wake mwenyewe.

Hakujua kwamba nyumba zilizokaliwa zilikuwa mia tatu na themanini na saba, na zilizobaki misingi mitupu, wenyewe hawajarudi, ni tisini na moja. Alizihesabu zote mbili, kwa sababu aliona mji ni wa waliopo na wasiopo. Hakujua kwamba kengele ya kanisa la Wakatoliki, ile rimu ya lori inayogongwa kwa chuma, ilitoka kwenye lori lililopinduka siku ya harusi ya wazazi wake. Élie, mkubwa wa waendesha pikipiki pale kwenye kituo chao, alimwambia wako thelathini na mmoja, kisha akamtajia mashimo ya barabara mpaka Sake kwa majina, kwa maana kila shimo lilikuwa limepewa jina la aliyeanguka humo kwanza. Olga, msusi, alimwonyesha sahani yake ya jua inayochaji simu ishirini kwa siku wakati wateja wakisukwa, na akamweleza kwamba mtu akitaka kujua nani amechumbiwa Nyabikeri asiende kwa padri, aje kwake. Evode wa mashine ya kusaga alimfundisha kusikiliza: injini ikilia kwa sauti nzito ni muhogo, ikilia nyembamba ni mahindi, na watu wa ng'ambo ya bonde hujua kwa masikio kama foleni ni ndefu.

Aliingia katika kibanda cha fromaji, ambamo jibini za mviringo hupangwa juu ya mbao na kugeuzwa kila asubuhi kama watoto wachanga. Aliandika aina saba za maharagi, na jina la kila moja kama wanawake wanavyoliita. Aliandika kwamba asubuhi ukungu hushuka mpaka ukashindwa kuuona mkono wako, na kwamba ng'ombe wa juu hujulikana kwa kengele zao kabla hawajaonekana. Mikaratusi ya sokoni, aligundua, ilipandwa na mkunga mmoja aliyepanda mche kwa kila mtoto aliyempokea mwaka wa kwanza wa kazi yake. Ilibaki kumi na minne.

Vichwa vitano vikajaa kaye nzima. Kilibaki cha sita.

Asili ya Nyabikeri ni chemchemi. Hapo wote walikubaliana: watu walijenga pale kwa sababu maji hutoka chini ya mwamba, baridi, hata katika kiangazi. Lakini nani aliufungua ule mwamba? Papa Dusabimana wa mteremko wa juu alisema ni babu yake, aliyefuata ng'ombe aliyepotea akakuta tope linalong'aa. Papa Jean-Bosco wa mteremko wa chini alisema ni babu yake yeye, kwa jembe, na kwamba ile hadithi ya ng'ombe ni ya watu waliokuja baadaye. Wazee hawa wawili walikuwa wakipeana mikono kanisani, lakini mmoja hakukaa kwenye kilio cha upande wa pili zaidi ya dakika chache. Mashamba yanayozunguka chemchemi yalikuwa nusu kwa nusu, na mpaka wake haukuwahi kuandikwa mahali popote.

Kufikia wiki ya nne maneno yakaota miguu. Sokoni ikasemwa kwamba madamu anaandika mashamba. Wengine wakasema ametumwa na watu wa mjini wanaotaka kununua kilima kizima. Milango aliyokuwa akikaribishwa na kikombe cha maziwa ikaanza kufungwa akikaribia, na mwanamke mmoja aliyesoma naye alimwita mtoto wake ndani kama mtu aliyeona mvua ya mawe. Hilo lilimuuma Vestine kuliko yote. Alikaa juu ya jiwe pale pale njiani, akaifunga kaye. Kisha akainuka, akagonga nyumba iliyofuata.

Siku mbili baadaye chifu wa mji, Papa Théogène, alimwita. Direkta wa shule, Athanase, aliambatana naye, akifuta jasho ingawa kulikuwa na baridi. Njiani alimsihi akubali lolote atakaloambiwa. Shule ilikuwa imepata mabati mapya juzi tu, na hakutaka ugomvi. Chifu aliwapokea barazani, akawapa viti, akaongea polepole. Alisema yeye hamshuku mwalimu. Lakini wazee wote wawili wamekuja kwake kwa siku moja, mmoja asubuhi na mwingine mchana, na kila mmoja amesema kwamba jina la mwenzake likiandikwa kwanza, hatakubali. Basi kazi isimame.

Vestine akaomba kitu kimoja: chifu asomewe kaye kwanza. Chifu akakubali. Vestine akamsomea yote, kuanzia ukungu hadi mikaratusi, ikachukua zaidi ya saa nzima. Kwenye mashimo ya barabara chifu alicheka mpaka akashika mbavu, kwa kuwa shimo la tatu lilikuwa na jina lake. Kwenye nyumba tisini na moja aliomba arudie. Athanase naye alikuwa ameacha kujifuta jasho.

"Ni vizuri," chifu akasema mwishoni. "Toa maji tu. Ile ingine yote ibakie."

"Papa chifu, nikitoa maji, nitaambia watoto watu walikuya hapa kufanya nini?"

"Sema walikuya. Basi."

"Watoto wanakunywaka ile maji kila siku. Wataniuliza. Na kama mimi sijibu, kila mumoja ataenda kujibiwa kwao, na watarudi ku masomo na majibu mbili, wapigane." Akaikunja kaye mapajani. "Mimi sitaki kuandika nani alishinda. Nataka kuandika vile wanasema. Waite wote wawili, waseme mbele ya watu."

Athanase alikohoa, akitarajia wafukuzwe. Chifu akauliza lini. Vestine alikuwa na jibu tayari. Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha chemchemi kabla ya mvua kubwa, na kila kaya hutoa mtu mmoja mwenye jembe. Hakuna atakayesema ameitwa mkutanoni kwa hila.

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko salongo yoyote, wengine bila jembe. Walifyeka majani, wakazibua mfereji, wakasugua mwamba. Jua lilipokuwa juu, chifu aliwaita wazee wawili, mmoja huku, mwingine kule, maji yakiwa katikati. Vestine alisimama na kaye yake, akaamua kuisoma kwanza sentensi ambayo alikuwa ameandika asubuhi ile. Alisoma hivi: "Watu wa Nyabikeri bado hawajakubaliana ni nani aliyefungua chemchemi. Wote wanakunywa humo." Akasema kwamba chini yake ataandika maneno ya kila mzee, kando kwa kando, hakuna wa juu wala wa chini, na kila mmoja ataweka sahihi kwenye yake.

Papa Dusabimana alieleza habari ya ng'ombe. Papa Jean-Bosco alieleza habari ya jembe. Hakuna aliyelegeza hata neno. Upande wa vijana pakazuka manung'uniko, mtu akaanza kusema habari za mipaka, na chifu akainua fimbo yake. Hapo Mama Nyirabagenzi, aliyekuwa amekaa juu ya kidumu chake, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama mwalimu anaandika mipaka. Vestine akasema hapana, hakuna shamba hata moja ndani ya kaye, na yeyote anayejua kusoma aje asome. Vijana watatu wakaja, akiwemo Élie wa pikipiki. Walisoma kurasa zote wamesimama, wakipokezana, mmoja akiwatafsiria wazee nyuma yake. Hawakupata shamba. Manung'uniko yakatulia kidogo kidogo, watu wakaanza kuulizana majina ya mashimo.

Dusabimana aliweka sahihi. Jean-Bosco alikataa. Hakufoka, alisema tu kwamba hawezi kuweka mkono wake kwenye karatasi moja na uongo, akachukua jembe lake akashuka nyumbani. Watu wakamtazama Vestine waone atafanya nini. Alikunja midomo, akaandika maneno ya mzee kama alivyoyasema, na mahali pa sahihi akaandika: "Hakutaka kuweka sahihi." Kisha akaisoma hiyo nayo kwa sauti, ili asije mtu akasema ameficha.

Jumatatu aliandika muhtasari ubaoni, ukurasa mmoja mzima, na watoto arobaini na watatu wakanakili. Hajawahi kuona darasa likinakili vile. Walibishana kuhusu idadi ya pikipiki, kwa kuwa moja ilikuwa imeuzwa Ijumaa. Binti mmoja aliomba nyumba yao itolewe kwenye zile tisini na moja. Baba yake alikuwa amerudi wiki ile na ameshaezeka upande mmoja. Vestine akafuta tisini na moja, akaandika tisini. Darasa zima likafuta pamoja naye, kwa vidole na mate. Jioni ile ukurasa ukaingia nyumba arobaini na tatu, na nyumba nyingi ukasomwa zaidi ya mara moja.

Siku ya nne, mvua ikinyesha, mlango wa darasa ulitiwa kivuli. Alikuwa Papa Jean-Bosco, amejifunika gunia la plastiki kichwani. Watoto wakasimama. Vestine naye alisimama, chaki mkononi, akijiandaa kwa lolote. Mzee alisema wajukuu zake wamemsomea, na kwamba kuna kosa.

"Umeandika babu yangu alifungua maji na jembe."

"Ni vile ulisema, Papa."

"Nilisema vile juu watu walikuwa wananiangalia." Alijifuta maji yaliyokuwa yakimdondoka kutoka kwenye gunia. "Jembe ilikuwa ya bibi yangu. Babu alikuwa mugonjwa ile mwaka. Ni bibi njo alichimba, mutoto ku mugongo. Anaitwa Nyirabahizi. Hakuna muntu anamutajaka."

Vestine akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akafungua kaye. Aliandika polepole, akimsomea kila sentensi, na mzee akarekebisha mawili matatu: mtoto wa mgongoni alikuwa wa kiume, na jembe lilikuwa limevunjika mpini. Alipomaliza akamuuliza kama sasa ataweka sahihi. Mzee aliuinamia ukurasa, akaliona jina la Dusabimana kule kando, akatikisa kichwa. Pale kwenye habari ya chemchemi hakugusa. Alishuka kwa kidole mpaka penye jina la Nyirabahizi, akaomba biki, na mbele yake akaandika jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa zilizopinda.

Akaondoka kama alivyokuja, gunia kichwani. Watoto walikuwa wameshafungua kaye zao wakitafuta nafasi ya kuongeza. Wengi ukurasa ulikuwa umejaa, wakamuuliza madamu waandike wapi. Na kesho yake asubuhi, kabla kengele haijagongwa, mjumbe alifika kutoka mteremko wa juu: Papa Dusabimana anasalimu, na anasema hata kwao kulikuwa na bibi. Vestine akamwambia mjumbe kwamba mzee aje saa sita na nusu, na asisahau jina la bibi huyo. Kisha akaingia darasani, akawaambia watoto wapige mstari chini ya walipoishia, wafungue ukurasa wa pili.